Msiba wa Mgombea Aliye Hai

Mnazi Pacha, Temeke
20 Februari 2025

Kwa mtani wangu Zubeda,

Salamu nyingi zikufikie huko Kunduchi uliko. Mie ni mzima, mke wangu Margareta mzima, na mama yako Bi Mwanabaraka hajambo, ingawa magoti yanamsumbua na kila jioni ananiuliza umekwenda wapi. Nimemwambia uko kwa dada yako Shamimu unamsaidia kukaanga samaki. Nawe hali yako? Unakula? Unalala?

Usishangae kupata barua ya karatasi. Nimekupigia wiki nzima kwa simu ya kuazima hupatikani, ndipo Hamida muuza samaki akaniambia kila akifuata mzigo pwani anakuona. Nimemuomba abebe hii chini ya ndoo zake. Ikinuka samaki changu usilalamike, ndiyo manukato mnayoyapenda Wazaramo.

Najua ulivyoondoka. Uliitwa kituo cha polisi kama msimamizi wa kundi la majirani la kwenye simu na kama mwenye ile sauti ya kilio, ukafungasha kanga mbili ukaenda zako bila hata kufunika cherehani. Sikulaumu. Lakini hujui Jumapili ya kura ya uenyekiti wa mtaa ilivyokwenda kwangu, acha nikueleze.

Saa moja asubuhi navaa shati, nasikia vilio barabarani. Nachungulia, naona akina mama kama ishirini wamejitanda kanga, wana masufuria, mmoja kabeba gunia la mkaa kichwani. Wametoka bondeni, kule wanakonijua kwa jina tu, si kwa sura. Wamesikia kwenye simu kwamba mgombea Adelard kafariki, wamekuja kutusitiri. Nikatoka nikasema, jamani, Adelard ndiye mie. Mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Pole sana baba, mmefanana kweli. Marehemu alikuwa kaka yako?"

Kufika saa nne walikuwa zaidi ya mia, na wanaume walishafunga turubai. Nikimwelewesha mmoja wanaingia watatu. Kumfukuza mtu aliyekuja kukuzika huwezi, mtani. Margareta akajikuta anawapikia uji watu waliokuja kumlilia mumewe, na mumewe ndiye anayechota maji. Simu yangu ikatumbukia kwenye pipa hapo hapo, ikafa yenyewe. Nikasema niende kituo cha kura nikajionyeshe, watu wanione niko hai. Msimamizi akanizuia mlangoni, akasema mgombea kuzungukia wapiga kura siku ya kura ni kampeni, piga yako uondoke. Nikapiga, nikaondoka. Mpaka waombolezaji wangu wanakubali kwamba sijafa, ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache, na vituo vinafungwa saa kumi. Twalib, Mzaramo mwenzako, kanishinda kwa kura thelathini na saba.

Nimefungua kesi ya kupinga matokeo. Wakili wangu Benjamin anasema sauti iliyosambaa ni ya sekunde kumi na moja, kilio kitupu. Sie wa kwenye kundi tuliisikia nzima, utani wote mpaka kicheko chako. Basi kuna mtu wa Twalib aliikata makusudi. Yangu imekufa na simu, wengine wamefuta kwa woga, na mahakama inataka simu ilikotoka sauti yenyewe. Mpe Hamida simu yako. Tukiipata nzima kura zinarudiwa, na wewe unaonekana ulikuwa unatania, unarudi nyumbani kwa mama yako.

Mtani wako,
Adelard


Kunduchi Mtongani
24 Februari 2025

Kwa mtani wangu Adelard,

Shikamoo. Leo nakupa kwa sababu una huzuni, usiizoee. Barua nimeipata, inanuka changu kweli, na nimeilia na kuicheka kwa pamoja, hasa pale ulipopewa pole ya kufiwa na wewe mwenyewe. Msalimie Margareta, mwambie nashukuru anavyomtazama mama. Magoti ya mama yapakwe mafuta ya moto kila jioni. Atakataa, msimsikilize.

Mwili wangu mzima, ila nimekuwa bubu. Siku ya tatu hapa nilikwenda bombani nikamsalimia mwanamke mmoja, akanitazama akasema, "Sista, sauti yako kama ya yule dada aliyelia kwenye simu." Tangu siku ile sisemi nje ya chumba. Dada Shamimu kawaambia majirani nimepasuliwa koo. Nakaa chumba cha uani, dirisha linatazama ukuta wa jirani, napara samaki, nanyamaza. Mie, Zubeda, uliyekuwa ukisema nina mdomo wa kukodisha. Naogopa, mtani, na sijazoea kuogopa.

Simu sikupi. Nisikilize kabla hujakasirika.

Unakumbuka mwaka juzi walivyotaka kuugawa uwanja wa mpira? Niliweka picha ya ramani kwenye kundi, watu mia nne wakaiona kabla ya chai, mkutano wa mtaa ukajaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta, na mwenyekiti wa wakati ule akasema ramani ilikosewa. Ulinisifu kwamba simu yangu ina nguvu kuliko diwani. Nguvu haikuwa yangu. Picha aliipiga Mauwa, yule anayefagia ofisi ya mtaa, akanitumia. Na si hiyo moja. Zimo zote kwenye simu yangu, na sauti yake akinieleza nani alisaini nini. Nikikupa wewe, inakwenda kwa Benjamin, kutoka kwa Benjamin inakwenda mahakamani, na ikishafika huko polisi nao wataitaka. Usiniambie nifute. Nimesikia wanavifukua vilivyofutwa, na simu iliyofutwa inamtia mtu mashakani zaidi. Mauwa ana watoto watatu na siri yake naijua mie tu, na sasa wewe. Barua hii Benjamin asiione.

Halafu jingine. Sauti yangu hakuna aliyeikata. Nilibonyeza nikaanza kilio chetu cha utani: "Uwii, jamani, mtani wetu Adelard, mgombea wetu, katutoka leo." Kidole kikateleza, ikajituma. Nikabonyeza tena nikaendelea: "Wanyamwezi njooni mbebe mzigo wenu, si ndiyo kazi mliyokuja nayo pwani, na jeneza likiwa zito mgawane vipande." Ndipo nikacheka. Zilikuwa sauti mbili, zinafuatana, ila ya kwanza ikiisha ya pili inajianza yenyewe, ndiyo maana mkaisikia kama moja. Kuna mtu alichukua ya kwanza akaiacha ya pili. Nani, sijui.

Nataka kurudi nyumbani kuliko unavyotaka wewe uenyekiti. Lakini si kwa njia hiyo.

Mtani wako,
Zubeda


Mnazi Pacha
28 Februari 2025

Kwa mtani wangu Zubeda,

Habari za huko? Ramadhani ni keshokutwa, nakutakia mfungo mwema. Sie wote wazima. Mama yako amepakwa mafuta, kamtukana Margareta, kisha kalala usingizi mzuri. Barua yako Benjamin hajaiona, iko chini ya godoro.

Leo sitanii sana, nina hasira. Jana asubuhi wameweka vigingi uwanjani. Nimevihesabu kumi na vinne, vimepakwa rangi nyekundu, na watoto wanacheza mpira katikati yake kana kwamba ni majani. Twalib hajamaliza hata mwezi. Niliwaambia vijana waliosimama pale, "Pigeni picha basi, mwaka juzi si mlipiga?" Wakatazama chini. Mmoja akaniambia, "Mzee, siku hizi hujui nani yuko kwenye kundi." Simu ni zile zile za mwaka juzi, mtani. Leo ziko mifukoni, na kila mmoja anaogopa ya mwenzake.

Mauwa namhurumia, naapa. Lakini wewe unamfunika mtu mmoja huku mtaa mzima unachukuliwa. Kesi inasikilizwa tarehe 17 Machi. Kama hakuna aliyekata, basi kuna aliyechagua kutuma kilio na kuacha kicheko, na huo ni ubaya ule ule. Ni mtu wa Twalib tu, nani mwingine? Benjamin anasema simu yako ikionyesha kwamba zilikuwa mbili, hakimu atauliza ya pili ilikwenda wapi, na hapo tumewakamata.

Nimekuwa fundi seremala miaka thelathini katika mtaa huu. Nusu ya milango mnayofunga nimeitengeneza mie. Sikugombea nipate gari. Niligombea kwa sababu ya uwanja ule, na ulinisukuma wewe, ukasema, "Mnyamwezi, leo ubebe mtaa." Sasa nimeubeba, na wewe umekaa na kitu ninachokihitaji. Usiniache hivi.

Nakuomba kwa mara ya mwisho. Mpe Hamida simu.

Mtani wako,
Adelard


Kunduchi Mtongani
7 Machi 2025

Adelard,

Salamu. Natumaini wewe, Margareta na mama hamjambo. Mie nimefunga na nimekasirika, vitu viwili visivyotakiwa kukaa pamoja, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Maneno yako ya uwanja yaliniuma. Nikajiambia, Zubeda, mtafutie huyu mtu njia ya katikati. Nikafikiri niwashe simu kidogo, nihamishe zile sauti mbili tu kwenye kadi ndogo, nikupelekee kadi, simu ibaki. Dada Shamimu akasimama mlangoni akilinda, nikaiwasha.

Kwanza nikaona kundi letu. Tulikuwa mia nne na kumi na mbili, tumebaki hamsini na wanane. Nimeshusha na kushusha, naona majina ya watu niliowashonea nguo za harusi: amejiondoa, amejiondoa, amejiondoa. Wengine hawakuaga. Mmoja kaandika, "Samahani dada Zubeda, mume wangu kasema nitoke." Kundi lile tulilianzisha kwa ajili ya misiba na mgao wa maji, na watu wamelikimbia kama nyumba yenye kipindupindu. Nililia, na aliyefunga anatakiwa ajizuie.

Halafu nikatafuta ile Ijumaa, tarehe 7 Februari, nipate sauti zangu. Chini yake, nje ya kundi, kulikuwa na ujumbe kutoka kwako kwangu mie peke yangu, wa saa tisa na dakika kumi. Nimeukariri. Umeandika hivi: "Mtani umeniua vizuri sana. Kilio nimewafowadia ndugu zangu wa Tabora waruke kwanza. Wakishalia nawatumia kicheko."

Nimeusoma mara tatu, nikazima simu.

Nimekaa chumba hiki siku ishirini na tatu, sisemi, naitwa bubu na watoto wa jirani. Umeniandikia barua mbili za mtu wa Twalib. Sitaki maelezo marefu wala sitaki utani. Nataka jibu moja. Kicheko ulituma?

Zubeda


Mnazi Pacha
28 Machi 2025

Kwa mtani wangu Zubeda, kama bado unaniruhusu nikuite hivyo,

Nakusalimu, na nakuuliza afya yako nikiwa na aibu ya kuuliza. Mama hajambo. Margareta hajambo, ila siku hizi hasemi nami sana, maana nimemweleza yote. Wiki tatu hizi Hamida amekuwa akisimama mlangoni na ndoo zake akiuliza kama kuna barua, nami nasema bado.

Sikutuma kicheko.

Niliposikia sauti zako Ijumaa ile nilicheka mpaka nikaacha randa. Nikaifowadi ya kwanza kwenye kundi la ukoo wetu, nikawasubiri. Wakaanza, huyu analia, huyu anauliza amekufaje, mie nashika mbavu. Nikabonyeza nitume ya pili, bando likakata. Nikaenda dukani kununua vocha, njiani nikakutana na watu wa kampeni, wakanivuta nyumba ya huyu na nyumba ya yule, na mpaka jioni nimeshasahau. Huo ndio uovu wote, mtani. Hauna hata ukubwa.

Kwenye kundi la ukoo yumo binamu yangu Sebastian. Mke wake ni wa bondeni. Alisikia kilio akalia kweli, akakipeleka kwa wanawake wenzake wa chama chao cha kuzikana, na wao wakakipeleka mbele. Yule mama wa gunia la mkaa alinitajia jina la Sebastian pale pale mlangoni kwangu. Nilijua kuanzia dakika ile. Nikajiambia sijui. Kila nilipokuandikia "mtu wa Twalib" nilijiambia tena sijui, mpaka nikakaribia kuamini. Kwamba nilikuandikia ujumbe ule siku yenyewe, hilo nilisahau kabisa, la sivyo nisingekuomba simu. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyo.

Tarehe 17 nimeiondoa kesi. Benjamin alikasirika, akasema nimeshika ushindi mkononi nikautupa. Tarehe 20 nikaenda kituoni. Nikamwambia ofisa, aliyesambaza habari ile ni mie, mshikeni mie, mwacheni Zubeda. Akanipa kiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akawaita wenzake wawili nikarudia mbele yao. Wakacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Mzee, mtu hawezi kujitangazia kifo chake mwenyewe. Sie tunamtafuta mwenye sauti, na sauti ni ya mwanamke. Mwambie aje na simu yake." Nikakaa pale mpaka saa nane nikidhani watabadili mawazo. Wakaniambia nirudi nyumbani, nisizibe njia.

Nimetaka kuingia mlango ule badala yako, hawanitaki. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mtani wako,
Adelard


Kunduchi Mtongani
3 Aprili 2025

Kwa mtani wangu Adelard,

Shikamoo, na salamu za Idi iliyopita. Nimekula pilau chumbani, dada Shamimu kanipakulia sahani ya juu kabisa kama mgonjwa. Kwa afya sijambo. Margareta mwambie asikununie zaidi ya mwezi, mtu wa Tabora akinuniwa sana anahesabu ni mapumziko.

Nimekuchukia siku nne. Siku ya tano nikachoka, maana chumba ni kidogo na chuki inachukua nafasi. Nimewapanga watu wote wa habari hii kichwani, nikimtafuta mbaya. Sebastian si mbaya. Mkewe alilia machozi ya kweli. Wale akina mama waliacha kura zao wakabeba mkaa wao kumsitiri mtu wasiyemjua, na kama nami ningekuwa bondeni ningebeba sufuria. Wewe ulitaka ndugu zako wacheke. Mie nilifanya walichofanya bibi zangu kwa babu zako, ila wao walifanya uani mbele ya watu wanaojuana. Sioni mbaya, na uwanja umekwenda. Hilo linanitisha kuliko polisi.

Twalib hata hakulazimika kufanya lolote. Ila sasa anafaidi, kwa sababu watu wanaogopa simu zao wenyewe.

Mauwa ameniletea salamu kwa Hamida. Ameshaulizwa mara mbili pale ofisini kama ana mazoea na mie. Ameanza kusema ataacha kazi, na akiacha sasa ni sawa na kunyoosha kidole mwenyewe. Basi nimefikiri hivi. Nikiendelea kujificha wataitafuta simu, na wakiitafuta wataipata. Nikienda mwenyewe bila simu, watapata sauti yangu tu, na hiyo wanayo tayari.

Simu dada Shamimu ameitwanga kwenye kinu. Alianza kwa kuiogopa, halafu akapata nguvu, nikamwachia. Laini tumeitia motoni. Nimeona picha zote za Mauwa, ramani, harusi za watu, na uso wa marehemu mume wangu, vimekuwa unga mweusi ndani ya kinu ambacho sasa hatuwezi kutwangia tena. Picha ya mume wangu sikuwa na nyingine. Nimekwambia ili ujue bei yake, si ili ulie.

Jumanne tarehe 8 nakwenda kituoni asubuhi. Nitasema nilitania, na mtani wangu yupo hai. Wataniuliza simu, nitasema imevunjika, na itakuwa kweli. Najua itaonekana vibaya. Wewe usije na hadithi yako ya kufowadi, utanichanganyia maelezo, halafu watataka na kundi la ukoo wako, na mke wa Sebastian, na mlolongo hautaisha.

Mambo yangu ni mawili. Mama ambieni ukweli kabla hajaambiwa na mpita njia. Na cherehani ifunikwe, vumbi la mtaa wetu linaua mashine.

Nasubiri Jumanne kwa woga, lakini kuna kitu kimoja nakitamani. Nikifika pale mbele ya meza nitasema jina langu kwa sauti. Ni karibu miezi miwili sijaisikia.

Mtani wako,
Zubeda


Mnazi Pacha
14 Aprili 2025

Kwa mtani wangu Zubeda,

Salamu zikufikie huko mahabusu ulikowekwa. Hamida anasema chai anaikabidhi getini ila hakuoni, na barua hana hakika kama zinaingia. Naandika hivyo hivyo. Umelala vipi siku hizi sita? Una shuka? Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi, Margareta amekuombea kwa jina lako lote, padri akageuka kutazama.

Mama tumemwambia. Hakulia. Ameomba kiti chake kihamishwe mlangoni, na hapo ndipo anaposhinda. Cherehani imefunikwa.

Dhamana inataka watu wawili. Mie nilikwenda Jumatano, wakakataa, wanasema aliyewahi kulalamika juu ya jambo hili hawezi kumdhamini mshtakiwa wake. Nikawaambia nilimlalamikia Twalib, siyo wewe. Wakasema ni jambo moja. Watu watatu wa mtaani wameniambia ndiyo, halafu kila siku ya kwenda wana udhuru. Nawaelewa na nimewakasirikia, yote mawili. Sebastian amesema atakuja kesho na kitambulisho chake. Namuomba Mungu mkewe asimzuie.

Juzi Jumamosi kulikuwa na mkutano mkuu wa mtaa, wa kwanza wa Twalib. Uliitishwa darasani badala ya uwanjani, maana uwanjani wameshaanza kuchimba msingi. Mlangoni waliweka beseni kubwa la plastiki, kila anayeingia anaweka simu yake, eti mkutano uwe na utulivu. Nilidhani watu watagoma. Waliweka, wengine wakazizima kwanza. Nami niliweka hii ndogo niliyoazima. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, kama watu themanini.

Twalib alisoma mipango yake vizuri, sauti nzuri, shati safi. Mwishoni akauliza kama kuna swali. Nikamtazama Mauwa, alikuwa amesimama nyuma na fagio, macho chini. Nikasema moyoni, Zubeda yuko ndani kwa ajili ya hiki hiki, simama wewe Mnyamwezi. Nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, naomba tuone ramani ya uwanja, na tuone muhtasari wa kikao kilichoamua ugawanywe."

Twalib hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, akageukia watu, akasema, "Jamani, tangu lini marehemu akauliza swali? Tulishakulilia, mtani. Lala."

Darasa zima likacheka, Zubeda. Walicheka kama watu waliokuwa wanatafuta sababu ya kupumua. Na mie nikacheka. Sikupanga, mdomo ulifunguka wenyewe, kwa sababu Mzaramo akinizika nacheka, ndivyo nilivyolelewa, na mtani hakasirikiwi mbele za watu. Twalib anayo haki hiyo kama uliyonayo wewe. Nilicheka, nikakaa, na mkutano ukafungwa kwa dua.

Nimetafuta tangu juzi neno ambalo ningemjibu na sijalipata. Ningekasirika ningeonekana sijui utani. Ningetania ningekuwa nimekubali kwamba swali lilikuwa utani. Wewe ungelipata jibu palepale, ndiyo maana nakuandikia, ingawa sijui kama utaisoma.

Leo asubuhi nimepita ofisi ya mtaa, muhtasari wa mkutano umebandikwa ukutani, una mhuri. Nimeusoma wote nimesimama. Mahudhurio yameandikwa, dua imeandikwa, mpaka shukrani kwa mwenye madawati. Kwenye sehemu ya maswali wameandika: Hakukuwa na swali.

Mtani wako,
Adelard